Mikwaruzo ya Boneti

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mikaratusi iliyo mpakani mwa shamba langu, natoka uani na ndoo mbili za maji, kipande cha sabuni, fulana kuukuu ya pamba na kigoda cha kukalia. Ndoo nazijaza mwenyewe. Siku hizi nazijaza nusu nusu, maana mgongo wa mtu wa miaka 74 hauamrishwi, unabembelezwa. Kisha naosha gari langu.

Wapita njia hunisalimu kwa adabu, halafu husita kidogo. Swali lao nalijua kabla hawajalitamka. "Shikamoo, Mwalimu. Vijana wamekwenda wapi leo?" Nami hujibu: "Marahaba. Vijana wapo, wana kazi zao." Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu ambaye tunataniana, amewahi kuniambia kwamba ninawaaibisha wajukuu zangu mbele za watu. Mke wangu naye aliona haya kwa muda mrefu. Alidhani watasema kwamba mwalimu mkuu mstaafu ameishiwa, hata hana mtoto wa kumshikia ndoo.

Katika kurasa zilizotangulia nimesimulia mambo mengi ambayo, nikisema kweli, yananipendeza kuyasimulia. Hili la leo halinipendezi. Lakini nimeona kwamba mtu anayeandika kumbukumbu zake akachagua zile njema tu, huyo haandiki kumbukumbu, anaandika barua ya kuombea kazi.

Msomaji asiyepafahamu Mwese aelewe kwanza mahali penyewe. Sisi tuko katika nyanda za juu, magharibi ya mji wa Mpanda, upande wa kuelekea Ziwa Tanganyika. Zamani tulikuwa Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Tangu mwaka 2012 tuko Mkoa wa Katavi, na wilaya yetu sasa inaitwa Tanganyika. Hali ya hewa ni ya ubaridi, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba maji ya ndoo huuma vidole. Miaka ya 1960 waliletwa hapa wakimbizi kutoka Rwanda waliopitia Kongo, wakafyeka mapori, wakalima, wakafuga, na mwaka 1980 serikali ikawapa uraia wale walioutaka. Watoto wao na watoto wa wenyeji niliwafundisha katika darasa moja, nao wakagombea dawati moja. Udongo wetu ni mwekundu. Kiangazi unakuwa vumbi linaloingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, na masika unakuwa tope linaloshika kama ulimbo. Kwa hiyo huku kwetu gari halichafuki siku moja moja. Huwa ni chafu wakati wote, isipokuwa kwa saa chache baada ya kuoshwa.

Gari lenyewe ni Land Rover ya kijani, ya zile za chesesi ndefu, niliyoinunua mwaka 1997 ikiwa imekwisha kuchoka mikononi mwa watu wengine. Mwalimu mwenye gari siku zile alikuwa mtu wa kutazamwa. Niliinunua kwa fedha za mahindi na maharage ya misimu minne, pamoja na ng'ombe watatu. Nilipoingia nayo kijijini mara ya kwanza nilipiga honi pasipokuwa na sababu yoyote ya kupiga honi.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Kila Ijumaa mchana, baada ya kipindi cha mwisho, niliwachagua wavulana wawili au watatu wa darasa la sita au la saba, nao wakaliosha gari langu. Mimi nililiendesha hadi kijitoni, nikawaachia, nikarudi ofisini kwa miguu. Katika ratiba ya shule kipindi hicho kiliandikwa "Elimu ya Kujitegemea".

Naomba maneno hayo yasomwe polepole. Mimi nilisoma Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, ulikuwa kwetu kama msahafu. Tuliuchambua aya kwa aya. Nilijua vizuri kwamba shabaha yake ilikuwa shule iwe jumuiya ambayo ndani yake walimu na wanafunzi wanafanya kazi pamoja, na matunda ya kazi yanakuwa yao pamoja. Chuoni tulilima na wakufunzi wetu katika mstari mmoja; niliwaona wakitoka malengelenge. Sasa niambie, msomaji, gari la mwalimu mkuu likioshwa na wanafunzi huku mwenyewe amekaa ofisini, ni nani hapo anajitegemea? Nilikuwa nimelichukua neno zuri nikalifanya kuwa kitambaa cha kufutia gari langu.

Masika ya mwaka 1997 kwenda 1998 yalikuwa yale ya El Niño, ambayo watu wa umri wangu hawatayasahau. Barabara ya kwenda Mpanda ikawa mfereji. Siku moja ya mwezi wa tatu nilirudi kutoka mjini na tope hadi juu ya paa, na kesho yake, Ijumaa, kulikuwa na mgeni wa elimu anatarajiwa. Nikamwita mvulana mmoja wa darasa la sita, mwenye miaka kama 13, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Wenzake walikuwa wakipanga madawati, kwa hiyo alikwenda peke yake. Nikamwambia: "Nataka ling'ae."

Baada ya saa moja na nusu alikuja akikimbia. Alisimama mlangoni mwa ofisi akihema, akasema, "Mwalimu, njoo uone." Nikaenda. Boneti yote ilikuwa imejaa mikwaruzo ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Mahali pengine rangi ya kijani ilikuwa imetoka kabisa, bati likaonekana jeupe. Mtoto alikuwa ameisugua kwa mchanga wa kijitoni.

Sikumwuliza neno. Fimbo iliruhusiwa shuleni, kama inavyoruhusiwa hata leo kwa masharti yake, nami nilikuwa mwalimu mkuu. Nilimchapa fimbo nne mbele ya shule nzima. Kisha nikafungua daftari la adhabu, nikaandika jina lake, tarehe, idadi ya fimbo, na katika safu ya sababu nikaandika kwa mwandiko wangu wa chuoni: "Uharibifu wa mali ya shule." Mali ya shule! Siku iliyofuata baba yake alikuja nyumbani na majogoo wawili chini ya kwapa, akaomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Niliyapokea. Tuliyala, moja Jumapili ile na jingine Pasaka.

Baada ya hapo nililisahau jambo hilo, au tuseme nilifaulu kutolikumbuka, kwa muda wa miaka 13.

Nilistaafu mwaka 2011. Mtu anapostaafu hugundua ni vitu vingapi alikuwa akifanyiwa. Juma la kwanza nilikaa nikisubiri gari lioshwe, kisha nikatambua kwamba hakuna wa kuliosha. Nikajaza ndoo. Nilikuwa na gari lile miaka 14, na siku hiyo ndiyo niliyoligusa mwili wake kwa mara ya kwanza nikiacha usukani, gia na vitasa vya milango.

Niliosha vibaya kama mtu yeyote asiyefundishwa. Nilianza adhuhuri, kwenye jua kali, sabuni ikakauka kabla sijaisuuza, ikaacha mabaka kama ramani. Nilianza na magurudumu, kisha nikapanda juu na kitambaa kile kile, nikalipaka paa tope la chini. Nikafungua boneti nikamwagia injini maji kwa ndoo, nikijiona fundi. Gari likakataa kuwaka hadi fundi alipokuja akafungua kifuniko cha distribyuta, akakifuta maji kwa leso yake, akaniambia kwa heshima sana: "Mwalimu, hapa hapaoshwi hivyo." Nilikuwa na miaka 60. Hakunichapa.

Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi iliyofuata nikaamua kujifunza, tena kama tulivyofundishwa Butimba: usimwambie mwanafunzi "fanya hivi" bila kumwambia "kwa sababu hii". Nikamfuata yule fundi, nikauliza, nikatazama, nikajaribu. Nimejifunza kwamba gari huoshwa asubuhi au jioni, au kivulini, kwa sababu bati la moto hukausha sabuni upesi. Huanzwa juu kushuka chini, kwa sababu maji machafu hayapandi. Ndoo ziwe mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili uchafu ulioutoa usiurudishe. Sabuni ya unga ya kufulia si nzuri, kwa sababu ni kali, nayo huondoa ule utelezi unaoilinda rangi. Sabuni laini na kidogo yatosha. Magurudumu ni ya mwisho, na yana kitambaa chake.

Na jambo kubwa kuliko yote: tope halifutwi likiwa kavu. Ndani ya tope mna mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko rangi ya gari. Ukifuta kabla hujalowesha, unakwaruza kwa mkono wako mwenyewe hata kama huna nia mbaya. Kwanza lilowe, lilegee, lianguke lenyewe kwa maji. Baada ya hapo ndipo kitambaa kipite.

Nilipojifunza hilo la mchanga, nikasimama mbele ya boneti. Jua lilikuwa limechomoza upande, na mikwaruzo yote ikaonekana, duara ndani ya duara. Kwa nini mtoto asugue gari kwa mchanga? Kwa sababu kila sufuria aliyowahi kuiona iking'aa ilisuguliwa kijitoni kwa mchanga. Mama yake alifanya hivyo, dada zake walifanya hivyo, na mke wangu pia. Mwalimu wake alikuwa amemwambia "ling'ae", asimwambie jinsi ya kuling'arisha, kwa sababu mwalimu mwenyewe alikuwa hajui. Nilimchapa mtoto kwa somo ambalo sikuwa nimelifundisha, na ambalo nisingeweza kulifundisha.

Yako mambo mawili kuhusu gari hili yanayonifanya nifikiri. La kwanza ni kwamba mwili wake si wa chuma bali ni wa aluminiamu. Land Rover zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu na kilitolewa kwa mgawo, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa hiyo wakaitumia hiyo. Aluminiamu haioti kutu nyekundu. Kama boneti ile ingekuwa ya chuma, mikwaruzo ingekwisha kuliwa na kutu zamani, ningeibadilisha boneti na kusahau. Lakini haiozi. Iko pale, meupe kama siku ile ile.

La pili ni kwamba chesesi yake, huko chini, ni ya chuma. Siku moja nilitandika gunia nikalala chali, nikaingia chini ya gari na kijiti, nikaanza kukwangua tope. Lilikuwa tope la miaka, limeshindiliwa juu ya springi na kwenye kona za madigadi, la juu kavu, la ndani bado na unyevu. Kijiti kikafika kwenye chesesi, kikazama. Chuma kilikuwa kimelika hadi kidole changu kikapenya. Tope ni kama kitambaa kibichi: hushikilia maji kwenye chuma mchana na usiku, hata mvua ikiwa imekoma. Kwa miaka yote ile nililosha gari lililoonekana. Mimi nilitazama boneti, watoto wakaosha boneti, mgeni wa elimu akaisifu boneti, na chini yetu sote chuma kikawa kinaliwa. Kuchomelea kulinigharimu fedha nyingi kuliko nilizotaka kumwambia mke wangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nilikuwa nimeliandika mara ngapi ubaoni!

Kijitoni sirudi tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwaka 1998 sheria hiyo haikuwapo, lakini akina mama waliochota maji chini ya pale tulipoosha walikuwapo, na oili na grisi ziliwafikia bila kusubiri sheria. Sasa naosha juu ya majani, mbali na kisima. Ndoo nne zinanitosha, na masika nakinga maji ya paa.

Mwaka 2019, mwezi wa saba, lori lilisimama barabarani mbele ya nyumba yangu. Msimu ule wafanyabiashara huja kununua maharage. Dereva akashuka, mtu mzima mwenye kitambi kidogo, akaja moja kwa moja. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Sikumtambua. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama boneti. Kisha akacheka, akaweka kiganja chake juu ya mikwaruzo, akakizungusha taratibu kuifuata duara. "Mwalimu," akasema, "hii kazi ni ya mkono wangu."

Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka minane. Yote yakanitoka. Nikamwambia tu: "Mwanangu, nilikuonea. Nilikuchapa kwa kosa langu. Nisamehe."

Alikaa kimya kidogo. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema: "Mwalimu, fimbo nilizisahau. Shuleni nilichapwa mara nyingi. Ninachokumbuka ni kwamba nililiona linang'aa, nikakimbia njia nzima kuja kukuita."

Nikamwuliza habari za baba yake, kwa kuwa nilitaka kumrudishia majogoo wake. Akaniambia alifariki miaka kumi iliyopita. Basi lile ni deni ambalo limebaki mikononi mwangu bila mwenyewe. Nilimwambia mke wangu akamate majogoo wawili ampe mtoto wa marehemu. Alipokea mmoja, yule mwingine akamwachia, akasema kwamba safari ni ndefu na lori lina joto. Sijui kama ndiyo ilikuwa sababu. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwuliza mara ya pili. Kabla ya kuondoka aliinama akachungulia chini ya gari, kama madereva wanavyofanya, akasema: "Huku chini umetunza vizuri, Mwalimu." Nimepata vyeti kadhaa katika maisha yangu ya kazi. Hicho sikukitundika ukutani, lakini ninacho.

Fundi mmoja wa Mpanda amekwisha kuniambia mara mbili kwamba boneti ile anaweza kuipiga rangi kwa siku moja, iwe kama mpya. Namshukuru, nami nakataa. Anadhani ni ubahili.

Wanafunzi wa siku hizi hupita Jumamosi wakienda kuchota maji au kucheza mpira. Wengine, kwa adabu waliyofundishwa nyumbani, husimama: "Shikamoo, Mwalimu. Tukuoshee?" Huwaambia hapana, asanteni. Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyekataa kukubali hapana. Anataka kuosha, kwa sababu watoto hupenda maji. Basi namwachia upande mmoja, nami naosha wa pili, tukiwa na ndoo zile zile. Juma lililopita aliuona udongo umekauka mlangoni, akainua kitambaa kuusugua. Nikamshika mkono.

"Ngoja," nikamwambia. "Lowesha kwanza. Unajua kwa nini?"

"Sijui, babu."

"Basi njoo hapa mbele," nikasema, "nikuonyeshe kwa nini."